Kona kwa Kona hadi Trongsa

Jumatatu, Julai. Paro hadi Thimphu.
Ndege imepita katikati ya milima. Abiria wa dirishani anasema imepita karibu mno. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Bhutan inamtoza mtalii dola 100 kwa kila usiku, ada ya maendeleo endelevu, kitanda na chakula mbali. Magari yanapita kushoto kama Tanzania, kwa hiyo nimejiona mwenyeji. Thimphu, mji mkuu, hauna taa za barabarani za kuongozea magari. Inasemekana ziliwahi kufungwa, watu wakalalamika, zikang'olewa. Askari mwenye glavu nyeupe ametusimamisha. Mbwa akavuka. Tukaruhusiwa.

Jumanne. Thimphu.
Mbwa yule na jamaa zake wamebweka hadi alfajiri. Mchana nimeagiza ema datshi. Kwetu pilipili inawekwa pembeni ya sahani. Hapa pilipili ndiyo mboga, na jibini ndiyo mchuzi wake. Mhudumu aliniuliza kama ni kali. Nilimjibu kwa kutikisa kichwa, sauti ikiwa imekatika. Akadhani sijatosheka, akaongeza.

Jumatano. Thimphu hadi Punakha.
Kilomita kama 70, mwendo wa takriban saa tatu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii haikuwa na barabara ya magari, na waliokuja kuichonga, wahandisi kutoka India, waliufuata mlima kila ulikojikunja. Dochula, pa juu kabisa pa njia hii, mita 3,100, kuna vihekalu 108 vilivyojengwa kuwaenzi askari waliokufa vitani 2003. Kuvizunguka ni lazima uviache mkono wa kulia. Dereva alinyoosha kidole kuelekea Gangkhar Puensum, mlima wa mita 7,570 ambao hakuna binadamu aliyefika kileleni. Nilitazama. Ukungu. Nikaupiga picha ukungu. Pakiti yangu ya krispi ilikuwa imevimba kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Nilipoigusa kwa meno ilipasuka, na dereva akateremka hadi Punakha, karibu mita 1,900 chini, akiwa na krispi kolani. Hakusema neno. Mimi niliteremka nikiwa na mfuko wa plastiki mdomoni.

Alhamisi. Sopsokha.
Kijiji hiki kiko jirani na hekalu la Chimi Lhakhang, linalohusishwa na lama Drukpa Kunley, mtawa aliyehubiri kwa mizaha na matusi. Kwa heshima yake kuta za nyumba zimechorwa uume, mkubwa kuliko mlango, wenye rangi na utepe, kufukuza husuda. Mama akapiga simu ya video.
"Shikamoo mama."
"Marahaba. Hicho nyuma yako ni nini?"
Nikageuza simu upesi. Ikaangukia nyumba ya pili, ambayo mchoraji wake hakuwa mvivu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.

Ijumaa. Njiani kuelekea Trongsa.
Ardhi imeporomoka mbele yetu. Ni msimu wa mvua, hakuna aliyeshangaa. Katapila lilisukuma mawe bondeni, mlima ukaleta mengine. Abiria wa basi walitandika mkeka wakatoa wali mwekundu na chupa ya chai. Walinikaribisha. Chai yao ina siagi na chumvi. Niliinywa yote kwa adabu, na aliyeona kikombe kitupu akakijaza. Jioni njia ilifunguka. Gari la kwanza kupita lilipata pancha. Lilikuwa letu.

Jumamosi. Trongsa.
Kwenye kona ya juu dereva alisema, "Trongsa ile pale." Kweli, ngome nyeupe ng'ambo ya korongo, karibu kiasi cha kuhesabu madirisha. Nikavaa viatu, nikachana nywele, nikashika begi mapajani. Barabara ikaingia bondeni kutafuta pa kuvukia mto, ikapanda upya, na zaidi ya nusu saa ikapita. Nilifika mguu umekufa ganzi, nikashuka kwa kuanguka. Mtawa mdogo alicheka hadi akakaa chini.

Msomaji, ukija Bhutan njoo Oktoba, mvua zikiwa zimekatika. Na ukitajiwa kilomita usishukuru. Uliza ni mwendo wa saa ngapi, kisha uongeze na za katapila.