Ratiba ya Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi Dar es Salaam, na ni mtu wa kuamini kwamba jambo lisiloandikwa kwenye jedwali halijatokea. Likizo yake ikiwa bado iko mbali, alitupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo jedwali lenye rangi nne: wiki nzima ya kuizunguka Ukerewe kwa gari. Kila siku ilikuwa na kituo chake, saa ya kuondoka, saa ya chai na saa ya kutazama machweo. Machweo yalitengewa dakika arobaini.

Kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa Nansio, nikaombwa maoni. Nikamuuliza kwa adabu hizo kilomita 120 za kila siku ataziendesha wapi. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, hilo sina ugomvi nalo, na zamani wafanyabiashara wa Kiarabu waliliita ziwa lote Bahari ya Ukerewe, kabla Speke hajafika Mwanza mwaka 1858 na kulipa jina la malkia wake. Sifa tunazo. Lakini kisiwa chenyewe ni kilomita za mraba 530 hivi, na Unguja inatuzidi karibu mara tatu. Dereva mwenye haraka akitoka Nansio alfajiri, jioni ameshamaliza barabara zote, na siku sita zilizobaki itabidi awe anarudi kinyumenyume.

"Shem," akanijibu, "punguza mtazamo hasi."

Hapo kundi likachangamka. Nchi hii mtu akitaka kunyoa ndevu huundiwa kamati, sembuse kuzunguka kisiwa. Kabla ya magharibi tulikuwa na mwenyekiti, katibu, na mweka hazina asiye na hazina. Ndipo mama mkwe, ambaye kwa kawaida kazi yake kundini ni kuitikia amina, akatuma ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri ya Pasaka. Alianza kwa kumshukuru Mungu kwamba mwanawe anakuja. Akaendelea kwa kumshukuru Mungu kwamba anakuja na gari. Shukrani ya pili ndiyo iliyochukua muda. Kuna gunia la matobolwa la shangazi wa Muriti limekaa stoo tangu mavuno. Kuna pingili za mihogo zimeahidiwa Bwiro. Ilangala kuna posa inasubiri majibu, na majibu ya posa hayapelekwi kwa simu. Na kwa vile gari litapita Bukindo, ipo rambirambi ya mwaka jana ambayo familia imeionea aibu mpaka sasa.

Shemeji alijaribu kulinda jedwali lake, akaandika kwa herufi kubwa kwamba hii ni safari ya kupumzika. Mama akamwambia kupumzika atapumzika, kwani nani amemwambia abebe mgongoni?

Toleo jipya la ratiba lilipotoka, rangi zilikuwa zilezile lakini mambo yamegeuka. Palipoandikwa "Bukindo: kasri la chifu, picha" pakawa "Bukindo: rambirambi, kasri muda ukiruhusu." Mawe ya Handebezyo, ambako alitaka kupanda alitazame ziwa, yakawekwa kwenye mabano pamoja na neno "mjomba." Mjomba anaumwa mguu, apitishwe zahanati.

Siku ya kuja, meli kutoka Mwanza ingemfikisha Nansio kwa saa tatu na ushee, tena akiwa amelala. Lakini safari ni ya gari, akashika usukani: Magu, Lamadi, Bunda, akakata kushoto kuelekea Kibara mpaka Kisorya kusubiri kivuko cha kuvuka kuja Rugezi. Pale Kisorya unaiona Ukerewe iko palepale mbele yako, na huo ndio utamu wa mateso yake. Alinipigia simu akilalamika kwamba amekaa muda mrefu juani na ratiba inasema saa hizi anakunywa chai Nansio. Nikamkumbusha kwamba mwaka 1875 Stanley naye alikaa siku nyingi kisiwani hapa kwa Mukama Lukonge akingojea mitumbwi. Stanley alikuwa na ratiba. Lukonge alikuwa na mitumbwi.

Gari lenyewe lilipofika tukalitazama kimya. Lilikuwa lile la chini la vijana wa mjini, ambalo likivuka ganda la karanga tumbo linajua. Barabara zetu ukitoka mjini ni vumbi na changarawe, na pale mvua ilipopita ni makorongo. Mama mkwe hakuangalia matairi. Alifungua buti, akapima kwa macho, akasema, "Yanaingia."

Tukafika kwenye suala la kukaa. Kiti cha mbele ni cha mama, hilo halijadiliwi. Nyuma aliingia mke wangu na mashangazi wawili wenye miili ya heshima. Ilibaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba katikati, magoti yakielekea mgongo wa mama mkwe wake, na gari likitupwa kwenye shimo mtu huyo angemgongea kiti mama aliyemzalia mke. Nikakohoa. Mama naye akakohoa. Tukaelewana bila maneno kwamba mkwe atafuata kwa bodaboda.

Kwa hiyo habari za mandhari nzuri ya Ukerewe waulizeni wengine. Mimi nilikizunguka kisiwa nimefunga kitambaa puani, nikila vumbi la shemeji, na jogoo wa shangazi kwapani kwa sababu kwenye gari alikuwa anadonoa viti. Kila gari liliposimama nilifika nikiwa mwekundu kama tofali, na kila mwenyeji alimsalimia jogoo kwanza.

Na lilisimama mno. Mtu hapiti mbele ya nyumba ya ndugu Ukerewe akapunga mkono dirishani. Anashuka, anakaribishwa, anaulizwa habari za huko mmoja mmoja, walio hai na waliotangulia, kisha anaambiwa asubiri kidogo. Hicho kidogo maana yake kuku bado anakimbizwa. Kagunguli tulisikiliza mbio hizo nyuma ya nyumba kwa muda mrefu, watoto wakimzingira, kuku akipenya, na shemeji akitazama saa. Kituo hicho alikuwa amekipanga kwa moyo, maana Kagunguli ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, na riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliisoma chuoni. Nikadhani nitampoza. Nikamwambia Kitereza alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, na ilipotoka kwa Kiswahili ilikuwa 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Miaka thelathini na mitano, shem, na hakumpigia mtu honi. Akaniangalia vile watu wa Dar wanavyoangalia foleni ya Ubungo.

Safari ya kisiwa jirani cha Ukara ilifutwa. Alitaka kwenda kuliona lile jiwe linalocheza, na ratiba ilikuwa imelitengea siku nzima. Lakini kwenda Ukara ni kuvuka maji kutoka Bugolora hadi Bwisya, njia ileile ya MV Nyerere, iliyozama 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa na kufika. Walikufa watu zaidi ya 220, na mama mkwe alizika wengi aliowajua. Mwanawe akaanza kumweleza kwa upole habari za maboya. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Jiwe likitaka kucheza," akasema, "lije huku." Hakuna aliyeongeza neno, na siku hiyo tukapeleka pingili za mihogo.

Kilichommaliza shemeji ni dagaa. Tulipita ufukweni akina mama wakiwa wameanika, mchanga wote unameta fedha, wengine wameinama wakigeuza kwa fagio. Yeye akashuka na simu yake, akapiga picha amechuchumaa, amelala kifudifudi, amepanda juu ya mtumbwi. Wakati anatafuta mwanga, mashangazi walikuwa wanatafuta bei. Aliporudi kulikuwa na viroba viwili ndani ya gari, tena dagaa wa jana, hawajakauka vizuri. Kwenye kioo chake alikuwa ametundika kikaratasi cha manukato, harufu ya limau. Limau lilipigana kiume mpaka Murutunguru. Baada ya hapo mashangazi wakasema kuna kitu kinanuka vibaya humo ndani, wakakichomoa hicho kikaratasi na kukitupa nje.

Wiki iliisha na kisiwa hatukukimaliza. Msitu wa Rubya tuliupita usiku. Kasri la Bukindo aliliona akiwa ameshika sufuria ya wenye msiba. Machweo alitazama mara moja, tairi lilipopasuka, na yalichukua zaidi ya dakika arobaini.

Nilimsindikiza mpaka Rugezi. Buti lilikuwa halifungi, limefungwa kwa kamba ya katani: machungwa, matobolwa ya watu wa Kimara, dagaa wa watu wa Mbagala, na kuku wawili wa zawadi walioangalia dunia kupitia tundu la boksi. Kwenye foleni ya kivuko, mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni akasogea dirishani.

"Baba, unaelekea Bunda?"

Nikamwona shemeji akigeuka kutazama kiti cha nyuma, akipima kwa macho, kichwa kimeinama upande kama mama yake.

"Una mzigo?" akauliza.

"Mdogo tu," yule mama akasema, na nyuma ya kibanda cha tiketi mbuzi akalia.

"Mmoja?"

"Na mwanawe."

Shemeji akashuka kwenda kulegeza kamba.