Kopo la Susu

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kibwezi, famasi ilikuwa chini ya kitanda cha mama mkwe. Tangu watoto wazaliwe sote tunamwita Susu. Famasi yenyewe ni kopo la Kimbo la kilo mbili: Panadol, Piriton, tembe za kutafuna za kiungulia, na chupa ya dawa ya kikohozi ambayo hakuna aliyejua ilifunguliwa mwaka gani.

Chanzo ni kadi. MakueniCare, mpango wa matibabu wa Kaunti ya Makueni, ilipoanza mwaka 2016, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, na waliopita miaka 65 hawakulipa kitu. Susu alikuwa amepita zamani. Kila Alhamisi alijifunga leso ya kutokea akaenda zahanati: wiki hii goti, wiki ijayo kiungulia. Hakuwa mgonjwa, alikuwa anachukua haki yake. Ng'ambo ya mto Athi, huko Mutomo, dada yake alilipia kadi ya Kitui, ile ya Gavana Charity Ngilu, shilingi 1000. Susu hakuchoka kumkumbusha.

Alhamisi moja ya mwaka 2019 akarudi mikono mitupu. Muuguzi amemwambia Panadol zilizobaki ni za watoto wenye homa. Wa kiungulia na mafua wajinunulie, ni shilingi kumi tu dukani.

"Kumi!" Susu alirusha leso kitini. "Na boda je?"

Mimi moyoni nilikuwa upande wa muuguzi, maana nililijua lile kopo, ila mkamwana mwenye akili hasemi hivyo jikoni. Hata hivyo, hesabu ya boda ilinikaa kichwani. Kwenda Kibwezi mjini na kurudi ilikuwa shilingi 200. Tembe ya kumi ni rahisi kwa anayeishi mkabala na duka.

Mwezi huohuo kitinda mimba wangu aliharisha hadi akabaki mifupa. Utepe wa kupimia mkono ukasoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, tukapewa Plumpy'Nut ya wiki nzima. Kila pakiti ni gramu 92 za njugu iliyosagwa na maziwa na sukari, kalori 500, chakula ambacho ni dawa. Masharti: asile mwingine, na pakiti tupu zirudishwe zihesabiwe.

Siku ya nne hesabu ikakataa. Nikamshuku mbuzi. Nikamshuku, Mungu anisamehe, kijana wa jirani. Saa tano usiku Susu alitoka na tochi, akamkuta mwanawe nyuma ya ghala ameketi juu ya ndoo, chapati mkono mmoja, pakiti mkono mwingine, masharubu yote njugu.

"Nilikuwa naonja kama haijaharibika," akasema baba watoto.

"Pakiti tatu?"

Asubuhi, pakiti zilizobaki ziliingia koponi, kopo likaingia sandukuni, sanduku likatiwa kufuli. Pakiti tupu nilizirudisha zote, hata zile tatu, na muuguzi akanisifu. Nilitazama chini.

Habari za kopo zikaenea, na wanakijiji wakaanza kubisha usiku, kwa kuwa zahanati imefungwa na Kibwezi ni mbali. Hapo nilimwona Susu mwingine. Mtoto aletwe mwenyewe, ashikwe paji la uso. Mwenye pikipiki aende dukani. Aliyelewa jana anywe maji. Mwanawe aliomba mbili za kichwa akaambiwa akale njugu. Tembe zilitoka mojamoja, na siku zilipokwisha hakuna aliyethubutu kulalamika.

Desemba dada yake akaja kutoka Mutomo. Basi lilikuwa limemrusharusha, kichwa kinampasuka, akaomba Panadol.

Susu akaushika ufunguo shingoni, akamtazama kwa muda.

"Kadi yako ya wapi?"