Chombo cha Anga, Mitambo ya Bia

Mwongozaji J.J. Abrams alipoifufua Star Trek kwa filamu mpya mwaka 2009, mashabiki walikodolea macho chumba cha kuongozea Enterprise, chombo cha anga cha hadithi hiyo: cheupe pee, kinang'aa, miale ya taa inachoma macho. Wakasema hili duka la Apple, chombo cha anga kiko wapi? Kushuka chumba cha injini, makubwa zaidi! Matangi na mabomba ya kiwanda cha bia cha Budweiser, Van Nuys, California, ambako sehemu hiyo ilipigiwa picha. Basi vilio: heshima ya Enterprise imekwisha! Heshima ipi, jamani? Ile ya mfululizo wa kwanza wa runinga wa 1966, ambapo baadhi ya vifaa vya daktari vilikuwa vichupa vya chumvi vya mezani? Bia angalau huchachushwa kisayansi.