Maombi ya Mazishi ya Heshima kwa Mifumo Yetu

Kwa Waheshimiwa Wazinduzi wa Mifumo ya Kompyuta,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MAZISHI YA HESHIMA KWA MIFUMO ILIYOTANGULIA MBELE YA HAKI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay, wilayani Mbulu, na ni mlipa ushuru mwaminifu kila mfumo unapokuwa hewani. Kwanza nawapongeza. Kwa kuzindua, hatuna mpinzani. Hema linasimikwa, viti vinavishwa vitambaa, mgeni rasmi anabonyeza kitufe, picha inawaka ukutani, tunapiga makofi na kugawiwa fulana. Moja ninayo hadi leo, naivaa nikipalilia. Imedumu kuliko mfumo ulioandikwa mgongoni mwake.

Ombi langu linaanzia hapo. Mfumo ukizaliwa tunaalikwa, ukifa hatuambiwi. Tunajigundulia wenyewe kwenye kizuizi fulani ambacho sitakitaja, magunia yakiwa juu ya Fuso na jua linazama, pale kijana wa ushuru anapoitikisa mashine ya POS na kusema, "Mzee wangu, mfumo uko chini." Ukimuuliza utapanda lini, anaangalia juu.

Naomba basi mifumo nayo izikwe rasmi. Mgeni rasmi yule yule aliyebonyeza kitufe arudi asome wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, aligharimu shilingi ngapi, aliugua nini, nani alimuuguza. Najua mtasita mkifika kwenye kipengele hicho cha mwisho. Mjengaji alilipwa akaondoka, simu yake haipatikani. Nywila alikuwa nayo Afisa TEHAMA mmoja, naye kahamishiwa Kigoma. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa mfukoni mwake.

Orodha ya marehemu si fupi. Halmashauri zilikuwa na Epicor kwa mahesabu, sasa ni MUSE. Zilikuwa na LGRCIS kwa mapato, ikaja TAUSI. Zabuni zilipita TANePS, na mwaka 2023 zikahamia NeST. Sisemi nimlilie kila aliyekufa. Kuachana na programu ya leseni ya kigeni na kuandika ya kwetu kwa mikono ya vijana wetu ni jambo la maana, na GePG, inayotoa namba za malipo ya serikali tangu 2017, ni ushahidi kwamba wanaweza. Swali langu ni dogo: vijana hao wametengewa fungu la kukaa na programu hiyo miaka kumi wakiirekebisha, au wameshapangiwa kazi ya kuandaa uzinduzi mwingine?

Maana programu haiozi kama kitunguu. Yenyewe inabaki vile vile, ila dunia inayoizunguka inahama. Sheria ya kodi inabadilika, kata inagawanywa, simu zinakuja na Android mpya, cheti cha usalama cha tovuti kinaisha muda wake usiku wa Jumamosi. Meir Lehman, mtafiti aliyefanya kazi IBM kabla ya kuwa profesa London, alilisema hili tangu 1974: programu inayotumika lazima ibadilishwe mfululizo, la sivyo manufaa yake kwa watu yatapungua siku hadi siku. Na wauzaji wakubwa hawaoni haya kutangaza siku ya kifo mapema. Microsoft iliacha kuitunza bure Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tarehe hiyo ilijulikana miaka kadhaa kabla. Hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyofiwa.

Tumepata pia msiba wa aina mpya, ambapo mfumo uko hai ila mfadhili ndiye aliyefariki. PlanRep ya mtandaoni na FFARS, zinazogusa bajeti za halmashauri na hesabu za shule na zahanati zetu, zilizinduliwa 2017 kwa msaada wa USAID. Tarehe 1 Julai 2025 USAID yenyewe iliacha kutoa misaada. Pale hemani 2017 angekuwepo mtu wa kuuliza, "Wakiondoka hawa, nani atalipa?", angeonekana amekuja kuharibu shughuli.

Mheshimiwa Rais ameagiza zaidi ya mara moja kwamba mifumo isomane. Tunaunga mkono. Ila kusomana kunataka wote wawili wawe hai.

Msidhani naomba turudi kwenye karatasi, ingawa nesi wa zahanati yoyote ya huku atawaonyesha vitabu vya MTUHA, vilivyopo tangu miaka ya 1990, ambavyo havijawahi kuomba nywila. Takwimu za vitabu hivyo huishia kwenye programu ya takwimu za afya iitwayo DHIS2, na hapa pana jambo la kujifunza. Mizizi ya programu hiyo iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. (Norway hiyo hiyo ambayo wamisionari wake walianzisha hospitali ya Haydom mwaka 1955. Wanorwe wana tabia ya kubaki.) Imedumu kwa sababu matoleo mapya hayajakoma, nchi nyingi zinaitumia programu ile ile moja, na hapa kwetu wapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaoijua kwa ndani. Hakuna mwenye haja ya kuizindua upya kila bajeti.

Na kama Oslo ni mbali, njooni huku huku. Shukeni kwanza Hanang, Basotu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Canada ilisaidia kuanzisha mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, hatimaye saba, kwenye ardhi waliyoondolewa wafugaji wa Kibarabaig. Matrekta na mashine za kuvunia zilikuwa za kisasa kabisa. Msaada ulipokoma miaka ya 1990, mashine zikachakaa, vipuri vikakosekana, na mavuno yakashuka. Kisha pandeni Mbulu hadi Kainam, kwenye nchi ya zamani ya Wairaqw. Miteremko ile imelimwa tangu kabla ya Mjerumani kufika: matuta, mifereji ya kutolea maji, samadi inayobebwa toka zizini hadi shambani, tuta lililobomoka likirudishiwa kabla ya mvua. Lowe Börjeson, mwanajiografia wa Sweden, aliandika historia ya kilimo hicho mwaka 2004, na alichokiona si mradi mkubwa wa mtu yeyote bali vikazi vidogo vilivyorundikana vizazi na vizazi. Hakuna aliyeikatia Kainam utepe. Kainam bado inalimwa, tena na watu wasiojua kama wanafanya jambo la ajabu.

Fungu la vikazi vidogo ndilo hatulioni kwenye bajeti zenu, Waheshimiwa. Kuna fedha za kujenga, kuna posho za semina ya kuutambulisha mfumo. Fedha ya kijana wa kurekebisha kosa siku ya Jumanne ya kawaida, mwaka wa saba, pasipo mpiga picha, hutafutwa kosa likishatokea.

Kwa hiyo, ikiwa mazishi ni gharama, naomba kitu cha bei nafuu zaidi. Kabla ya uzinduzi ujao, bandikeni mlangoni karatasi moja yenye mambo haya: cheo cha atakayeutunza mfumo huo mwaka 2036, kifungu cha bajeti kitakachomlipa, mahali ulipohifadhiwa msimbo wake, na namba ya simu ambayo mtu hupokea. Kikikosekana hata kimoja, ahirisheni uzinduzi.

Wenu katika foleni ya ujenzi wa taifa,

Mkulima wa vitunguu saumu,
Bashay, Mbulu.