Kwa Enjenia Anayepanda Masisi kwa Mara ya Kwanza

Basi umeteuliwa. Una mkataba wa siku 45 wa kueleza jinsi Masisi na Walikale, kule Kivu Kaskazini, Kongo, zitakavyostahimili mabadiliko ya tabianchi. Hongera. Kwanza vua hivyo viatu vya Gombe, Kinshasa, ununue buti sokoni Goma, maana kuanzia Sake kwenda juu udongo hukushika mguu kama mtu anayekudai.

Kapita wa kijiji cha kwanza atakuuliza kazi yako. Jibu kwa ufupi. Mhandisi mshauri hajengi. Anapima, anachora, anaandika zabuni, kisha anasimama kando na kofia ngumu kuhakikisha mjengaji hapunji saruji. Ni ukoo wa heshima: shirikisho lao, FIDIC, lilizaliwa Gent, Ubelgiji, mwaka 1913, na vitabu vyake vya mikataba hutajwa kwa rangi, kimoja chekundu, kingine cha njano, kingine cha fedha. Rangi hizo usimtajie kapita. Atataka kujua ni kipi chenye daraja ndani.

Sasa mvua. Mezani utaambiwa upime kalavati kwa mvua ya miaka mia. Usidhani ni mvua inayokuja mara moja kwa karne halafu ikapumzika. Ni mvua yenye nafasi moja kati ya mia kila mwaka, na hakuna sheria inayoizuia kurudi mwakani. Kuijua kunataka vipimo vya miaka mingi mfululizo, na vituo vingi vya mvua vya wakati wa Wabelgiji vilikufa zamani. Utaazima takwimu za setilaiti. Ziazime, si kosa, ila setilaiti hutandika bonde zima kama shuka moja, na huku mvua hupiga kilima kimoja ikaruka cha pili. Kwa hiyo muulize pia anayefua nguo kijitoni.

Hili nililiona kwa macho. Nilikuwa mkalimani wa kundi moja ambalo ofisi yao sitaitaja. Walisimamisha chombo chao cha miguu mitatu, wakapima tangu asubuhi mpaka jua la utosi, wakachomeka kigingi chekundu pale kalavati lingewekwa. Mama mmoja akaacha nguo zake juu ya jiwe, akatembea hadi kwenye mkaratusi ulio mbali kabisa na kigingi, akagusa gome usawa wa bega lake. "Yalifika hapa, mwaka ule yalipobeba mbuzi wa mchungaji." Kwenye gome nyasi kavu zilikuwa bado zimenasa. Kiongozi wa kundi akaniuliza mama amesema nini, nikamtafsiria. Akaandika: jamii imeshirikishwa. Kigingi hakikusogea hata hatua moja. Leo kalavati lipo, zuri, kavu, na maji hupita pembeni yake katikati ya barabara. Pale magari ya viazi hukwama mpaka yatandikiwe magogo, na mtu mmoja mwenye koleo, miguu mitupu, hupata riziki yake.

Ukiinua macho ukaona vilima vya kijani na ng'ombe, usiseme Uswisi. Kila mgeni husema Uswisi, na jibini la Masisi humsaidia kukosea. Kijani hicho ni malisho. Msitu ulishakwenda kwa ng'ombe, kwa mashamba, na kwa makala (mkaa) ya Goma, na mizizi ya majani mafupi haiwezi kuushika mlima uliolowa. Dawa yake si ngeni: mtaro uchimbwe juu ya barabara, uyakate maji kabla hayajashuka, na uwepo mtu wa kuuzibua kila wiki. Kasoro ya mtaro ni kwamba hautoi picha ya jalada. Ukuta wa saruji hutoa.

Utataka kupendekeza miti. Wenzako wamekutangulia: kuanzia 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF uliwasaidia wakulima kupanda miti ya makala, Masisi ikiwamo. Kabla ya kuhesabu miche, uliza shamba ni la nani. Anayelima kwa kukodi akipanda mti, mwenye shamba huona mtu anayeanza kudai ardhi, na mche huo hauufikii msimu wa pili. Hapo programu yako ya kompyuta haina la kusema.

Ukishuka Walikale geuza mahubiri. Huko msitu ungalipo, katika eneo la karibu kilomita za mraba 23,500, na wewe ndiwe utakayeugeuza tani za kaboni. Soma Dekreti 14/018 ya Agosti 2, 2014: jamii inaweza kupewa msitu wake wa mila hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Ila hutakiwa kuwa na mpango wa usimamizi, nao, kwa bahati njema, huhitaji mshauri. Zile dola milioni 500 zilizoahidiwa Kongo kwa ajili ya misitu kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Novemba 2021, usizitaje barazani. Mzee atazigawa kwa idadi ya miti anayoijua, akuulize fungu la mti wa nyuma ya nyumba yake limekwama kwa nani.

Barabara nazo zina tabia zao. Pale Kilambo, Walikale, kipande cha lami kilichotengenezewa malori kiligeuka uwanja wa ndege miaka ya 2000. Magari yalisimamishwa, ndege ikatua, ikapakia kasiterite (madini ya bati) ya mgodi wa Bisie, ikaruka. Kwenye jedwali la "matumizi yatarajiwayo" acha mistari michache wazi. Kwenye ratiba pia. Masisi-Kati ilitwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Walikale-Kati Machi, na Aprili wakaondoka Walikale. Hakuna mvua ya miaka mia iliyowahi kuvuruga mradi namna hiyo.

Ripoti yako itafungwa vizuri na kupelekwa Kinshasa. Buti hutazihitaji huko. Ukipita kwenye kalavati lile kavu, simamisha gari umwachie yule mwenye koleo. Anavaa namba 42.