Saba hadi moja: Switch 2 ikiingia kwa koko

Mashine za mkononi zilizaliwa kwa ajili ya mtu mmoja. Game Boy ya 1989 ilikuwa na kioo kidogo, betri nne, na mtoto mmoja kajikunyata pembeni. Butembo na Beni hatuna kitu cha mtu mmoja. Kwa hiyo, wewe unayepanga kubeba Nintendo Switch 2 kwenda nayo likizo kwa ukoo, soma kwanza hesabu hii. Inashuka kutoka jambo dogo hadi lile litakalokushinda.

7. Bei. Ilipotoka Juni 5, 2025, Marekani iliuzwa dola 449.99. Usiseme. Koko ataibadilisha kuwa mbuzi kabla hujamaliza kutamka senti. Jibu salama ni "nilipewa", ingawa jibu hilo halina nguvu yoyote ukiwa duane ya Kasindi.

6. Dukani. Wafanyabiashara wa Butembo wanaijua Dubai na Guangzhou kama wengine wanavyoijua njia ya kisimani, na mizigo yao hupita Mombasa na Kampala kabla ya kuvuka Kasindi. Kupata mashine si tatizo. Tatizo ni ipi. Kuna zile ndogo za bei rahisi zilizoandikwa "michezo 400". Icheze yote uone: ni michezo michache iliyobadilishiwa mashati.

5. Mega. Mario Kart World peke yake inakula zaidi ya gigabaiti 20. Nunua kadi yake. Ukijaribu kuishusha kwa mega za simu, utakuwa umemlipia mwenye mtandao ada ya shule ya watoto wake.

4. Moto wa kuchaji. Nintendo wenyewe wanasema betri hudumu kati ya saa 2 na saa 6 na nusu, kutegemea mchezo. Nyumba inayotegemea paneli ya jua ina sheria zake: simu ya papa kwanza, tochi ya mama, redio, halafu wageni. Mashine ya dola mia nne na ushee inapanga mstari nyuma ya tochi, na tochi haina haraka. Beni mambo ni magumu zaidi. Tangu hali ya dharura ya Mei 2021, na hata kabla yake kwa sababu ya mashambulizi, watu wamezoea kuwahi nyumbani. Saa moja jioni ukoo mzima uko sebuleni, mlango umefungwa, macho yote kwenye kioo cha inchi 7.9, na betri imebaki asilimia tisa.

3. Zamu. Hapa ningedhani Wanande tuna bahati, maana kwetu mtoto huzaliwa na namba yake ya foleni. Paluku au Mumbere ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Hakuna haja ya kupiga kura. Mashine inakuja na vishikio viwili, kila kimoja kinatosha mchezaji, basi Mumbere na Kambale wanaanza, Kasereka anatoa ushauri ambao hakuombwa, Kakule anajifunza falsafa. Mpango ulikwenda vizuri mpaka Masika, msichana wa kwanza, aliposimama na kuuliza: wa kwanza ni wa kwanza, au kuna wa kwanza wa aina mbili? Shemeji yangu, ambaye huamua kesi za mashamba, aliomba muda wa kutafakari. Masika alicheza wakati baba yake akitafakari.

2. "Hii imetoka Japani, mjomba?" Kampuni ni ya Kyoto, ndiyo. Lakini vifaa vya namna hii hutumia tantali, inayohifadhi umeme mahali padogo sana, na tantali hutoka kwenye koltani, ile ya Rubaya kule Masisi. Mwaka 2000 dunia ilipogombania simu na PlayStation 2, bei ya koltani ilipaa, na mwaka uliofuata wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika jinsi ilivyokuwa ikilisha vita vyetu. Kambale alisikiliza yote, akauliza: "Basi mbona hatukupewa punguzo?"

1. Koko. Katika Mario Kart World unaweza kuchagua ng'ombe awe dereva. Ng'ombe mzima, usukani mkononi. Koko, aliyekuwa akijidai hatazami, alinyoosha mkono, na nani ataongelea zamu mbele ya koko? Mbio hakuzitaka. Kuna namna ya kuzurura tu, mchezaji mmoja, bila mshindi, na huko ndiko alikokaa, akimpeleka mnyama wake penye majani mazuri.

"Koko, wenzako wanashindana!"

"Wanazunguka palepale. Hawana shamba?"

Kisha akauliza kitufe cha kukamua kiko wapi. Kukamua kupo, katika mchezo wa 2017 uitwao 1-2-Switch, watu wawili wakishindana nani atajaza maziwa zaidi. Nilinyamaza. Kakule alikuwa bado hajacheza.