Sifa za Kubadili Kikosi Mwezi Mei

Watu wameisifu korosho, wameusifu mwezi mwandamo, wapo hata walioisifu salfa. Sijasikia aliyesimama kumsifu mtu anayefuta jina la beki wa kushoto saa 7 usiku, ligi imebakiza mechi tatu, naye anashika nafasi ya milioni nne na ushee duniani. Basi nasimama mimi.

Kwa asiyeujua mchezo, ni fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, iliyoanza 2002. Unapewa pauni milioni 100 za hewani, unanunua wachezaji 15, wasizidi watatu wa timu moja, na wanachokifanya uwanjani kinageuka pointi zako. Kila wiki una ruhusa ya kuuza mmoja na kununua mwingine bure. Ukitamani zaidi ya ruhusa uliyo nayo, unakatwa pointi nne kwa kila kichwa. Agosti kila mtu kocha. Ikifika Februari wengi wamesahau hata nywila. Mei wanabaki wateule.

Sasa tazama ukuu wa jambo hili kwa mtu wa Madimba, huku Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa hapa hapa, kwenye mitambo iliyozinduliwa 2015, kisha inaingia bombani na kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Mwaka 2013 Mtwara ilipaza sauti kulikataa bomba hilo, bomba likapita. Ukishuka Msimbati uko ndani ya hifadhi ya bahari, na pa kutupa nyavu pana sheria. Korosho ulizozipulizia salfa mwenyewe zinakwenda ghala kuu, bei yake inaamuliwa mnadani. Na Novemba 2018, wanunuzi walipotaja bei ya kuudhi, serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Katika yote hayo, nani alikupigia simu kukuuliza? Lakini Erling Haaland hatoki kwenye kikosi chako mpaka uidhinishe wewe. Hakuna kikao, hakuna muhuri, hakuna mwenyekiti aliyesafiri.

Makato nayo yapo, usidhani umeyakimbia. Mchezaji uliyemnunua kwa milioni 6.0 akipanda hadi 6.4, ukimuuza unapewa 6.2, nusu ya faida imekwenda na maji. Wageni wa mchezo hupiga kelele kwamba wameibiwa. Mkulima wa korosho anatazama hesabu, anaguna, anaendelea. Alishazoea.

Utamu wenyewe uko mwishoni mwa msimu. Timu iliyokwisha kubeba kombe inapumzisha nyota wake, iliyokwisha kushuka daraja inajaribu vijana, na ya katikati wachezaji wake miguu iko uwanjani, roho iko ufukweni. Kocha akiulizwa nani atacheza, anasema tutaona. Juu ya neno hilo moja mtu mzima mwenye ekari nne za mikorosho anaweza kukesha.

Kwenye banda umiza nilimshuhudia kijana aliyekatwa nne ili amlete mshambuliaji mpya na kumpa ukapteni. Kikosi kikatoka, mshambuliaji yuko benchi. Kijana akafurahi! Maana kapteni asipogusa uwanja kabisa, pointi za msaidizi wake ndizo zinazozidishwa mara mbili, na msaidizi siku hiyo alishafunga matatu. Dakika ya 88 yule mshambuliaji akaitwa avue traksuti. Banda zima likamwomba Mungu asiingie. Akaingia, akagusa mpira mara moja, kwa bega. Dakika zake zikampa pointi moja, mara mbili ya ukapteni, jumla mbili. Msaidizi akabaki na zake kavu.

“Si ungemwacha yule wa zamani, mwanangu?” akauliza mzee mmoja.

“Yule wa zamani kafunga mawili, babu.”

Hapo hakuna wa kushitakiwa: si chama cha msingi, si mnunuzi, si mvua. Hasara ni yako, umeikata mwenyewe kwa kidole chako mwenyewe na bando lako mwenyewe. Huku kwetu hiyo ni anasa. Wenye wivu watasema mchagua nazi hupata koroma. Sawa, lakini ni koroma aliloliangua yeye.

Jumapili ya mwisho mechi zote kumi huanza saa 12 jioni kwa saa zetu, na dirisha hufungwa saa 10 na nusu. Nenda shambani saa 10 na robo. Utamkuta mkulima wetu palizi ameiacha katikati, anamtoa kipa, anamrudisha, anamtoa tena. Ukimuuliza atapata nini, atakueleza bila haya kwamba mambo yakimnyookea atapanda kutoka nafasi ya tano hadi ya nne, kwenye ligi ya kijiwe yenye watu sita, na wawili kati yao hawajafungua programu tangu Krismasi.